Redio Imehama, Jina la Mji Limebaki

Sheria ya Marekani inaitaka kila redio itaje, karibu na mwanzo wa kila saa, herufi zake za utambulisho na jina la mji ambao leseni yake imeandikiwa. Ukiendesha gari usiku katika majimbo ya katikati ya nchi ile huku ukizungusha masafa ya AM, yaani masafa ya kati, majina hayo yanakupita mmoja baada ya mwingine: miji ya watu elfu tatu, elfu tano, miji isiyojulikana hata na Wamarekani wenyewe. Mara nyingi anayelitaja jina ni kompyuta. Studio iko katika mji mwingine kabisa, na aliyerekodi sauti ile huenda hajawahi kukanyaga pale anapopataja.

Nimeanza na jambo hilo dogo kwa sababu mjadala wa AM nchini Marekani siku hizi umejaa magari. Tesla, BMW, Volvo na wengineo waliondoa AM katika magari yao ya umeme, wakisema mota za magari hayo zinatia mikwaruzo katika mawimbi. Ford nao walitaka kuiondoa, wakarudi nyuma Mei 2023 baada ya kelele za wanasiasa. Mwezi huohuo Seneta Ed Markey wa Democrat na Seneta Ted Cruz wa Republican, watu wasiokubaliana karibu kwa lolote, wakaungana kudhamini muswada wa kulazimisha kila gari jipya liwe na AM bila malipo ya ziada. Muswada ukarudishwa tena bungeni mwaka 2025. Hoja yao kubwa ni maafa: vituo 77 ambavyo serikali ya shirikisho inavitegemea kutangaza dharura ya kitaifa, vingi vikiwa vya AM, vinawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi.

Kwa maoni yangu, mjadala huu unabisha hodi mlango usio wake. Gari lisilo na AM ni tatizo la kweli, lakini limefika wakati msiba umeshakwisha kuanuliwa tanga. Redio ya mji mdogo ilianza kuondoka mjini kwake miaka mingi kabla ya Tesla kuuza gari la kwanza, na iliondoka kwa kibali, kila mara mamlaka ilipolegeza kamba moja kati ya zile zilizoifunga redio na mji wake. Muswada ukipita, dereva atapata kitufe. Atakachosikia akikibonyeza ni habari nyingine.

Kwanza tuelewe AM ni nini, kwa sababu tabia yake ya kimaumbile ndiyo iliyofungua mlango wa kuhama. Wimbi la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300, na mnara wake wa kawaida ni robo ya hapo, yaani mita 75. Mnara wenyewe wote ndio antena. Chini yake hufukiwa nyaya za shaba, kwa kawaida 120, zikitawanyika kila upande kama mizizi ya mbuyu. Kituo kinachotakiwa kuelekeza mawimbi upande fulani ili kisimwingilie jirani kinahitaji minara miwili, mitatu, hata zaidi. Kwa hiyo AM inakula ardhi. Redio ya FM inaweza kupachika antena juu ya ghorofa au kilima na kuendelea na maisha, lakini AM ni mkulima, inataka shamba. Usiku mambo yanakuwa magumu zaidi. Tabaka la chini la angahewa linalomeza mawimbi mchana linatoweka jua likizama, mawimbi yanadunda juu na kutua mamia ya kilomita mbali, hivyo vituo vingi vinaamriwa kupunguza nguvu au kuzima kabisa hadi asubuhi.

Mashamba hayo yalinunuliwa miaka ya 1930 na 1940, pembeni ya miji. Miji ikayafuata na kuyazunguka. Huko Bethesda, Maryland, nje kidogo ya Washington, minara minne ya redio ya WMAL ilisimama kwenye ekari 75 tangu enzi za Vita Kuu ya Pili. Mmiliki, kampuni ya Cumulus, aliuza kiwanja hicho kwa zaidi ya dola milioni 70, minara ikaangushwa mwaka 2020 kupisha nyumba za makazi, na masafa yale yakaenda kupanga kwenye minara ya redio nyingine, mbali zaidi na jiji. Mhasibu yeyote angemshauri mmiliki vivyo hivyo. Ardhi ilikuwa na thamani kubwa kuliko redio iliyosimama juu yake, na jambo hilo limejirudia katika miji mingi, kwa bei ndogo zaidi na bila waandishi wa habari kuja kupiga picha.

Lakini ardhi haitoshi kueleza kila kitu. Sheria ya Mawasiliano ya 1934, katika kifungu cha 307(b), iliiagiza tume ya mawasiliano, FCC, igawanye huduma ya redio kwa haki na usawa baina ya majimbo na baina ya jamii. Neno jamii hapo lina uzito. Leseni haikutolewa kwa kampuni tu. Ilifungwa kwenye mji uliotajwa kwa jina, na mwombaji aliyetaka kuupa mji redio yake ya kwanza alipewa kipaumbele mbele ya wengine. Mwaka 2006 FCC ikarahisisha taratibu, kubadilisha mji wa leseni kukawa suala la fomu ya marekebisho madogo. Wajanja wakaona mwanya. Kampuni yenye kituo kijijini ilijaza maombi ya kukihamishia kwenye kitongoji kilicho ubavuni mwa jiji kubwa, ikidai kwamba inakipa kitongoji hicho redio yake ya kwanza, ilhali kila mtu alijua kuwa minara inaelekezwa kwenye matangazo ya biashara ya jiji. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, FCC yenyewe ilikiri tatizo kwa vitendo: ikaweka kanuni kwamba kituo kitakachofunika nusu au zaidi ya eneo la jiji kitahesabiwa kuwa kinahudumia jiji zima, mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Mlango ulirudishwa nusu. Waliokwisha kutoka hawakurudi.

Kamba nyingine ilikuwa studio. Kwa karibu miaka 80 kanuni ilitaka redio iwe na studio kuu mjini kwake au jirani, yenye wafanyakazi saa za kazi, mahali ambapo mwananchi anaweza kuingia na malalamiko yake mkononi. Mwaka 1987 liliondolewa sharti la vipindi kutokea katika studio hiyo. Mwaka 1996 sheria mpya ikafuta ukomo wa vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, ambao awali ulikuwa 40, na haikupita miaka mingi Clear Channel ikawa na zaidi ya vituo 1,200. Kisha Oktoba 2017, kwa kura tatu dhidi ya mbili, FCC ikafuta sharti la studio lenyewe. Kilichobaki ni namba ya simu ya kupiga bila malipo na jalada la taarifa lililowekwa mtandaoni.

Zipange hatua ya 2006 na ya 2017 pamoja, maana ndipo penye siri. Sera ya FCC kwa muda mrefu imekataa kuunyang'anya mji redio yake pekee. Basi mji wenye vituo viwili uliweza kupoteza kimoja kwa kanuni za 2006, na mji wenye kimoja ulikingwa. Baada ya 2017 kinga hiyo ikageuka ganda. Redio pekee ya mji haiwezi kuchukua leseni yake ikaondoka, lakini inaweza kufunga studio, kuwaachisha kazi watangazaji na kurusha kila kitu kutoka mahali popote, huku jina la mji likiendelea kutajwa kila saa. Makaratasini mji una redio, na ukienda kugonga mlango wake hukuti mlango wa kugonga.

Redio ya namna ile ilikuwa ikitangaza nini? Mambo ambayo mtu wa jiji angeyacheka. Kipindi cha asubuhi cha watu kupiga simu kuuza trekta bovu au kutafuta jogoo aliyepotea. Mechi ya mpira ya shule ya sekondari Ijumaa usiku. Majina ya waliofariki na saa ya maziko. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hilo la mwisho. Nyumbani kwetu, tangazo la kifo likianza kusomwa Radio Tanzania, hata mtoto anayelia alinyamazishwa, na mara mbili nakumbuka tulifahamu msiba wa ndugu kwa njia hiyo kabla barua haijafika. Tofauti ni kwamba redio ile ilikuwa ya taifa zima, na ilitubidi tungojee zamu yetu baina ya mikoa yote. Mji mdogo wa Marekani ulikuwa na redio inayosoma vifo vyake peke yake.

Wamiliki wana majibu, na si yote ya kubezwa. Lenye nguvu zaidi ni hili: kituo kidogo cha AM hakijilipi. Umeme wa mtambo, bima ya mnara, taa zake za kuonya ndege, fundi wa kutoka mbali, na duka la vifaa lililokuwa likinunua matangazo limeshauawa na maduka makubwa ya barabarani. Ukimlazimisha mmiliki akae na studio na wafanyakazi, atarudisha leseni na masafa yatakuwa kimya. Ajit Pai, aliyekuwa mwenyekiti wa FCC mwaka 2017, alitetea uamuzi wake hivyo: fedha inayookolewa kwenye jengo itaingia kwenye vipindi, na wananchi wa leo wanapiga simu au kuandika barua pepe, hawaji mlangoni. Sehemu ya kwanza naikubali, mmiliki masikini ni masikini kweli. Sehemu ya pili haina kinachoifunga. Kanuni ilifuta gharama bila kudai chochote badala yake, na fedha isiyo na sharti huenda inakotaka mwenyewe. Kwa kampuni nyingi zilizonunua vituo kwa mikopo, ilienda kulipa mikopo.

Kuna jibu jingine, la 2015, lililoitwa ufufuaji wa AM. FCC iliruhusu vituo vya AM vitafute mitambo midogo ya FM ya kurudia matangazo yao, yenye nguvu isiyozidi wati 250, na mwaka uliofuata mtambo wa aina hiyo uliweza kuhamishwa hadi kilomita 400 kutoka ulipokuwa. Viliitumia nafasi hiyo kwa wingi, na visingekuwa na akili kuiacha. Ila matokeo yake yanachekesha kidogo. Wasikilizaji na matangazo ya biashara vilihamia FM, lakini kisheria mtambo wa FM hauruhusiwi kuwa hewani bila AM unayoirudia. AM ikawa kigingi cha kufungia mbuzi: hakuna anayekitazama, ila kikichomolewa mbuzi anakwenda. Na wati 250 za FM zinatosha mji wenyewe tu. Mfugaji aliye kilomita 60 nje, ambaye AM ilimfikia kwa kutambaa ardhini, amebaki na mawimbi ya redio ambayo mmiliki wake angeizima kesho kama angeruhusiwa.

Jibu dhaifu kuliko yote ni la wale wanaosema redio ya mji haihitajiki kwa kuwa kuna intaneti. Septemba 2024 kimbunga Helene kiliipiga milima ya North Carolina. Huko Asheville umeme ulikatika, maji yakakatika, na simu zikafa kwa siku kadhaa kwa eneo kubwa. Watu walikwenda kukaa ndani ya magari yao kusikiliza WWNC, masafa ya 570 ya AM, ambako watangazaji waliacha ratiba na kupokea taarifa za wananchi mfululizo: barabara ipi imekatika, maji yanagawiwa wapi, nani anamtafuta mama yake. Simu yenye programu mia moja haikufua dafu pasipo mnara wa simu. Hapa watetezi wa muswada wa magari watapiga makofi, na wana haki. Lakini tazama vizuri kilichofanya kazi. Asheville walikuwepo watangazaji wenye kujua kwamba barabara fulani inapita chini ya daraja fulani. Redio hiyohiyo, yenye mnara huohuo na magari hayohayo, kama ingekuwa inaendeshwa na kompyuta kutoka jimbo jingine, ingepiga muziki.

Na mfano huo unaniumbua hata mimi na wenzangu tunaolalamikia makampuni makubwa, maana WWNC ni ya iHeartMedia, ambayo ndiyo Clear Channel ya jana. Upande wetu umezoea kunukuu mji wa Minot, North Dakota. Usiku wa Januari 18, 2002, treni ya mizigo iliacha reli, wingu la amonia likafunika mji, mtu mmoja akafa na mamia wakaumia. Vituo vyote sita vya biashara vya mji ule vilikuwa vya Clear Channel, na polisi walishindwa kumpata mtu wa kutangaza. Hadithi hiyo imesimuliwa kama kesi iliyokwisha hukumiwa. Kampuni ilijibu kwamba mamlaka za mji hazikutumia ipasavyo mfumo wa dharura ambao ungeweza kuingia hewani bila kumhitaji mtangazaji, na jibu hilo halikuwa la uongo mtupu. Hitilafu zilikuwa pande zote mbili. Ninachojifunza kwa kuiweka Minot kando ya Asheville ni kwamba swali la ukubwa wa mmiliki ni la pili. La kwanza ni kama usiku huo kuna mtu ndani ya jengo, na kama mtu huyo anaishi pale.

Yapo maeneo ambako jibu bado ni ndiyo, na mengi yana tabia moja: redio ni mali ya watu wanaoisikiliza. Taifa la Navajo linamiliki KTNN, masafa ya 660 ya AM yenye kilowati 50, na inatangaza kwa Kinavajo katika ardhi kubwa ambayo simu zake hazina mtandao wa uhakika. Huko Bethel, Alaska, KYUK imekuwa hewani kwenye 640 ya AM tangu 1971, kwa Kiyup'ik na Kiingereza, ikihudumia vijiji vya uwanda wa mito Yukon na Kuskokwim visivyofikika kwa barabara. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta fedha za utangazaji wa umma, zaidi ya dola bilioni moja, na zaidi ya nusu ya bajeti ya KYUK ikayeyuka kwa kura hiyo. Miezi mitatu baadaye mabaki ya kimbunga Halong yakavisomba vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa kwa ndege, na waliokuwa wakiwaeleza yanayoendelea kwa lugha yao walikuwa hao hao wa KYUK. Bunge linaloweza kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja, kutetea AM ndani ya gari la mpita njia na kukata fedha ya AM ambayo kijiji kizima kinaitegemea, halijaamua bado kama linachokipenda ni kifaa au ni huduma.

Ipo hasara nyingine ambayo sijaona ikitajwa sana. Leseni iliyobaki kwa jina inauzibia mji njia. Ilimradi makaratasi yanasema mji fulani una redio, mwombaji mpya, tuseme chuo au kanisa au chama cha wakulima, hawezi kudai kipaumbele cha kuleta redio ya kwanza. Sheria inasema kituo kikikaa kimya miezi 12 mfululizo leseni inakufa yenyewe, na wamiliki wengine wamekuwa wakiwasha mtambo siku chache kila mwaka ili kuukata mfululizo huo, kisha wanazima tena. Redio hewa, kama tulivyo na wafanyakazi hewa. Njia ya pembeni iliyokuwepo ni leseni za FM za nguvu ndogo, wati 100, zilizoanza 2000 na kupanuliwa kwa sheria aliyotia saini Rais Obama Januari 2011. Kwa njia hiyo Wasomali wa Minneapolis walipata KALY. Lakini wati 100 zinafaa mtaa wa jiji. Katika wilaya ya wafugaji zinaishia kabla hujafika kwa jirani wa tatu.

Sisi tumefuata njia tofauti, lakini tusijione tuko salama. Tanzania inapanga leseni za utangazaji kwa eneo: taifa, mkoa, wilaya, jamii. Sheria ya Kenya inaitambua redio ya jamii kama aina yake, mbali na ya umma na ya biashara. Redio kama ORS ya Terrat, Simanjiro, au Mang'elete ya Kibwezi iliyoasisiwa na vikundi vya akina mama, zimesimama juu ya wazo kwamba redio ni ya mahali. Wakati huohuo redio kubwa za Dar es Salaam na Nairobi zinarusha kipindi kimoja kwa masafa mengi ya mikoani, na hakuna ubaya katika hilo mradi leseni inasema hivyo. Shaka yangu ni kwa redio ndogo ambayo mfadhili amekwisha kuondoka na mkopo haukopesheki. Siku mnunuzi wa mjini atakapokuja na fedha, atakuta leseni inaeleza mawimbi yafike wapi, na pengine haielezi kwa uzito uleule watangazaji watoke wapi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliendeshwa kwa redio ya taifa kutoka Dar es Salaam, na bado ilichimba vyoo vijijini, kwa sababu vijiji vingi vilikuwa na vikundi vya kusikiliza pamoja, kila kimoja na kiongozi wake, watu wapatao milioni mbili. Mtambo ulikuwa mbali, watu walikuwa pale. Redio ya wilaya inayoendeshwa kutoka mbali bila kikundi chochote upande wa pili itakuwa na kasoro za pande zote mbili.

Kwa Wamarekani, nafasi iliyo karibu zaidi haipo kwenye muswada wa magari. Leseni za redio hudumu miaka minane, na duru inayofuata ya kuzihuisha inaanza Juni 2027, kwa jiji la Washington na majimbo ya Maryland, Virginia na West Virginia, kisha majimbo mengine kwa zamu. Katika duru hiyo mwananchi ana haki ya kuweka pingamizi, na FCC ina jalada la kila kituo ambamo mmiliki ameandika, kila robo mwaka, masuala gani ya mji wake ameyashughulikia na kwa vipindi gani. Majalada hayo yako mtandaoni, yanasomeka bure. Mji unaotaka kujua redio yake iliko unaweza kuanza na la robo iliyopita, uhesabu ni mara ngapi jina lake limetajwa nje ya lile la mwanzo wa saa.